61,741,120: Namba ya Sensa na 641 Iliyojificha Ndani Yake

Tarehe 31 Oktoba 2022, akiwa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi. Idadi ya watu Tanzania: 61,741,120. Kwa maneno ni milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Kesho yake kila mtu alikuwa anasema "milioni sitini na moja na ushee", na kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Hapa nataka tuiangalie namba yote, tarakimu zote nane, kama namba. Ina nini ndani? Imetoka wapi? Na je, kuna namna mtu aliyekaa nyumbani na kalamu anaweza kuikagua bila kuomba ruhusa ofisi yoyote?

Ndani ya namba hiyo wamo watu wa Masagati. Masagati ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro, kwenye bonde la Kilombero, ile ambayo ukiitaja ukiwa Dar watu wanakuuliza iko mkoa gani. Mkoa mzima wa Morogoro ulihesabiwa watu 3,197,104. Kwenye jumla ya taifa, mtu wa Masagati ana uzito uleule wa mtu wa Kariakoo: moja. Gunia la mpunga linaweza kujazwa lumbesa, ukabishana na dalali mpaka jioni. Mtu hana lumbesa. Hiki ndicho kinachoifanya namba ya sensa iwe namba nzima kwelikweli, na namba nzima zina tabia ambazo kilo na lita hazina.

Kwanza tuikague. Kuna mtu akiona ile sifuri ya mwisho atasema: mbona kama wamekadiria? Swali ni halali. Jibu la haraka ni kwamba, kama hakuna ujanja, namba moja katika kila kumi huishia na sifuri. Sensa ya 1967 ilitoa 12,313,469; ya 1978 ikatoa 17,512,610; ya 2002 ikatoa 34,443,603; ya 2012 ikatoa 44,928,923. Katika hizi nne na ya 2022, mbili zinaishia na sifuri. Si ajabu.

Jibu la pili ni zuri zaidi, na ni la zamani sana. Linaitwa kutoa tisa, na lilishaandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya Kiarabu vya karne ya 10. Unajumlisha tarakimu za namba, na ukipata zaidi ya tarakimu moja unajumlisha tena, mpaka ibaki moja. Tanzania Bara 2022 ilikuwa na watu 59,851,347. Jumlisha: 5+9+8+5+1+3+4+7 ni 42, halafu 4+2 ni 6. Zanzibar ilikuwa na 1,889,773, ambayo inatoa 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Sasa angalia jumla ya taifa: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, yaani 4. Zimekubaliana. Jaribu pia kwa jinsia: wanaume 30,053,130 wanatoa 15, yaani 6, wanawake 31,687,990 wanatoa 43, yaani 7. Tena 13, tena 4.

Inafanyaje kazi? Kumi ukiigawanya kwa tisa inabaki moja. Mia inabaki moja. Elfu, laki, milioni, zote zinabaki moja. Kwa hiyo ile 7 iliyokaa kwenye nafasi ya laki inaleta baki sawa na 7 ya kawaida. Tarakimu zinavuliwa vyeo vyao, kila moja inabaki na thamani yake ya uchi. Ukijumlisha namba mbili, mabaki yao nayo lazima yajumlishike vilevile.

Njia hii ina tundu moja ambalo karani yeyote wa hesabu anapaswa kulijua. Ukikosea ukaandika 59,815,347 badala ya 59,851,347, kutoa tisa hakutagundua, kwa sababu tarakimu ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Ila tundu hilo lina faida upande wa pili: ukibadilisha viti vya tarakimu mbili, tofauti inayotokea hugawanyika kwa 9 daima. Wahasibu wa zamani, vitabu vikikataa kulingana, walikuwa wanachukua ile tofauti na kuigawanya kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, wanaanza kutafuta mahali ambapo mtu aliandika 51 badala ya 15.

Kutoa tisa kunakagua kujumlisha. Hakukagui kuhesabu. Kama karani wa sensa hakufika kwenye nyumba fulani, hakuna hesabu ya tarakimu itakayokuambia. Hapo ndipo historia inaingia, maana bonde la Kilombero limehesabiwa mara nyingi, na si kila mara kwa nia njema.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19. Walichohesabu kilikuwa paa. Watu hawakuwa wajinga: kama kodi inakwenda kwa paa, mnaishi wengi chini ya paa moja. Namba iliyopatikana hapo inapima uwezo wa serikali kukuona, na idadi ya watu inabaki fumbo. Kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba na kazi za shuruti, ni miongoni mwa mambo yaliyowasha vita vya Majimaji. Agosti 1905 boma la Mahenge, ng'ambo ya mto, lilishambuliwa. Baada ya vita ikaja njaa, na watu waliokufa kwa njaa hiyo hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Tunabaki na makadirio yenye sifuri nyingi mwishoni, na hizo ndizo sifuri za kutilia shaka.

Miaka ya 1930 alikuwepo bondeni ofisa wa serikali ya kikoloni ya Waingereza, A. T. Culwick, na mkewe G. M. Culwick. Walichapisha kitabu juu ya Wabena wa bondeni mwaka 1935, na mwishoni mwa muongo huo wakachapisha utafiti juu ya idadi ya watu wa Ulanga, jina ambalo wakati huo lilibeba bonde lote. Walitaka kujua kama watu wanaongezeka au wanapungua, kwa hiyo uzazi ndio ulikuwa moyo wa maswali yao. Jifikirie wewe ni mama wa Kindamba, ofisa anakuuliza umezaa wangapi na wamekufa wangapi, na ofisa huyohuyo anatoka kwenye serikali inayokusanya kodi. Ungejibu nini? Mimi nadhani ningepunguza.

Waingereza walifanya sensa kamili zaidi mwaka 1948 na nyingine 1957 kwa Tanganyika. Baada ya uhuru na muungano, sensa ya kwanza ya Tanzania nzima ilikuwa 1967. Lakini kwa Kilombero kuhesabiwa kwa kina kulianza baadaye. Mwaka 1996 kituo cha utafiti cha Ifakara kilianza kufuatilia idadi ya watu kwenye vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kila kaya ilikuwa inatembelewa kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia. Sensa ya taifa ni picha moja kila miaka kumi, na huu ulikuwa mkanda wa video. Matokeo yake yalisaidia kuonyesha kama vyandarua vyenye dawa vinaokoa watoto kweli. Mtu anayesema namba ni kitu cha wanasiasa tu aangalie hapo.

Na bado mwaka 2012 kuna vikundi vya Waislamu vilivyohimiza watu wasihesabiwe, kwa sababu dodoso halikuwa na swali la dini. Iwe una upande gani kwenye mjadala ule, jambo moja ni wazi kihesabu: aliyejificha hakuonekana kama pengo kwenye jumla. 44,928,923 haina tundu mahali pake. Inaonekana nzima, imejaa, kama ambavyo ingeonekana hata kama asingejificha mtu. (Inagawanyika kwa 13, kama unapenda kujua. Ni mara 3,456,071.)

Sasa tuifungue namba yetu ya 2022.

Kila namba nzima kubwa kuliko moja ama ni tasa, ama inajengwa kwa kuzidisha namba tasa, na inajengwa kwa namna moja tu. Ukiwa na magunia 12 unaweza kuyapanga mistari mitatu ya manne, au miwili ya sita. Ukiwa na 13, unapata mstari mmoja mrefu na basi. Hiyo ndiyo namba tasa. Neno lenyewe, niseme ukweli, silipendi sana, kwa sababu namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Lakini ndilo lililoko vitabuni.

61,741,120 inaishia na 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 10. Inabaki 6,174,112. Igawe kwa 2: 3,087,056. Tena: 1,543,528. Tena: 771,764. Tena: 385,882. Tena: 192,941, na hapo ushufwa umeisha. Jaribu 3: tarakimu zinajumlika kuwa 26, haikubali. Jaribu 7: inakubali, tunapata 27,563. Halafu inakuwa ngumu. 11 hapana, 13 hapana, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, zote hapana. 43 ndiyo: 43 mara 641 ni 27,563. Na 641 ni tasa.

Kwa hiyo 61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641.

Mtu aliyesoma nadharia ya namba akiona ile ya mwisho anakaa sawa kwenye kiti. Maana 641 ina historia yake.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliyefanya hisabati kama starehe, alikuwa anaangalia namba za aina hii: chukua 2, ikuze kwa kipeo ambacho nacho ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, halafu ongeza 1. Unapata 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Fermat akawaandikia wenzake kwamba anaamini zote zitakuwa tasa milele, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Kwa karibu miaka tisini hakuna aliyeivunja.

Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia kijana mmoja aliyekuwa St Petersburg, Leonhard Euler, akamuuliza kama anaijua kauli ile ya Fermat. Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu. Lakini mwaka 1732, akiwa na miaka 25 (umri wa wengi wetu tunaohangaika na tasnifu), akatoa jibu: 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641. Ni 641 × 6,700,417. Fermat alikosea kwenye namba ya kwanza kabisa baada ya zile alizokuwa amezikagua.

Alijuaje ajaribu 641? Hakuwa na kompyuta, na kujaribu kila namba tasa kwa mkono ni mateso. Njia aliyokuja kuieleza baadaye ni kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima, ukikigawa kwa 64, kibakize 1. Hilo linapunguza kazi ajabu. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641... Ya tano tu, umefika.

Kuna uthibitisho mfupi uliopatikana baadaye ambao unaweza kuufanya kwenye daladala bila kugawanya chochote. Unahitaji wazo la saa. Ikiwa ni saa 11 jioni, ukaongeza saa tatu, husemi saa 14. Unasema saa 2 usiku. Umefika 12 ukaanza upya. Sasa fikiria saa yenye vipande 641 badala ya 12. Ukifika 641 ni sifuri, unaanza upya, na 640 ni hatua moja kabla ya sifuri, yaani "hasi moja".

Angalia kwamba 5 × 128 ni 640, na 128 ni 2⁷. Kwenye saa yetu, 5 × 2⁷ ni hasi moja. Zidisha hasi moja kwa yenyewe mara nne, unapata moja. Kwa hiyo 5⁴ × 2²⁸ ni moja. Lakini 5⁴ ni 625, na 625 iko hatua 16 kabla ya 641, kwa hiyo kwenye saa hii ni hasi 16, yaani hasi 2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴: hasi 2⁴ mara 2²⁸, yaani hasi 2³², ni moja. Basi 2³² ni hasi moja, na 2³² + 1 ni sifuri. Sifuri kwenye saa ya 641 maana yake inagawanyika kwa 641. Imekwisha. Rudia kwa kalamu kama imepita haraka, inalipa.

Basi 641, iliyoangusha kauli ya Fermat, imo ndani ya idadi ya watu wa Tanzania. Kuna zaidi. 5 × 2⁶ ni 320, na hizo zote zimo kwenye namba yetu, na 641 ni mara mbili ya 320 ukiongeza moja. Hii inaleta kitu cha kupendeza: ukijumlisha 1 + 2 + 3 mpaka 640, unapata 320 × 641, yaani 205,120. Kilichobaki ni 7 × 43, yaani 301. Idadi ya watu ni 301 mara jumla ya namba zote kuanzia moja mpaka 640.

Na kuna jambo jingine ambalo wapenda namba wameshaliona: namba yetu inaanza na 6174. Hii ni namba ya D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa Devlali, India, aliyeigundua miaka ya 1940. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne zisizofanana zote. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa, rudia. Tuchukue mwaka wa sensa, 2022. 2220 kutoa 0222 ni 1998. 9981 kutoa 1899 ni 8082. 8820 kutoa 0288 ni 8532. 8532 kutoa 2358 ni 6174. Endelea: 7641 kutoa 1467 ni 6174. Imenasa, haitoki tena. Namba yoyote utakayoanza nayo inafika hapo ndani ya hatua saba.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu najua mambo haya yanakoelekea. Kesho mtu atarekodi video ya kusema namba ya sensa ina siri, imepangwa, 6174 na 641 haziwezi kukutana hivihivi. Tupime.

Sensa za 2012 na 2022 zinaonyesha watu wameongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa watu milioni 61.7 hiyo ni kama watu milioni 2 kwa mwaka, au takriban 5,400 kwa siku ukishatoa vifo kwenye vizazi. Gawanya siku kwa 5,400, unapata sekunde 16. Yaani kwa wastani idadi ya watu inapanda moja kila sekunde 16. Kutoka 61,740,000 mpaka 61,749,999, ambapo namba inaanza na 6174, nchi ilikaa kama siku mbili kasoro. Na kigawo cha 641? Kinarudi kila watu 641 wakiongezeka, yaani kila baada ya saa tatu kasoro dakika chache. Leo, wakati unasoma, 641 imeshaingia na kutoka mara kadhaa. Hakuna siri. Kuna namba nyingi tu, na sisi tunaoziangalia tuna macho ya kutafuta sura kwenye mawingu.

Lakini 6174 na 641 si za daraja moja. 6174 ni tabia ya maandishi yetu, kwa sababu tunahesabu kwa kumi. Tungekuwa na vidole vinane, namba ileile ya watu ingeandikwa vingine na Kaprekar asingeonekana. 641 haijali vidole. Wapange watu hao wote kwenye mistari 641 yenye watu 96,320 kila mmoja, na hakuna atakayebaki nje, uwe unaandika kwa kumi, kwa mbili kama kompyuta, au kwa kuchora vijiti ukutani.

Kuna mfano mwingine kama huo ambao naupenda kuliko wote, wa 2002. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa yenyewe: 6 ni 1+2+3. Zinafuata 28, 496, 8,128, halafu unaruka mpaka 33,550,336. Sensa ya 2002 iliikuta Tanzania Bara na watu 33,461,849. Walipungua 88,487 tu kufika kwenye namba kamilifu ya tano. Kwa kasi ya wakati ule ya asilimia 2.9 kwa mwaka, Bara iliipita kama mwezi mmoja baadaye, bila sherehe. Namba kamilifu ya sita ni 8,589,869,056, na hiyo hata dunia nzima bado haijaifikia.

Turudi Masagati, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Sensa ilihesabu watu waliolala nchini usiku huo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku alihesabiwa. Aliyezaliwa dakika kumi baadaye, hapana. Makarani walikuja na vishikwambi siku zilizofuata, na swali lilikuwa lilelile kwa kila kaya: usiku ule, nani alilala hapa?

Sasa tuseme mtoto mmoja wa Masagati amezaliwa dakika tano mapema zaidi na hakuna kingine kilichobadilika. Namba inakuwa 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, hilo Wagiriki wa kale walilijua. Kwa hiyo 2 inaondoka, 5 inaondoka, 7, 43, na 641, zote kwa pamoja. Mahali pake inakuja 13: 61,741,121 ni 13 × 4,749,317. Na kama mzee mmoja wa Utengule angefariki kabla ya saa sita badala ya baada yake, namba ingekuwa 61,741,119, na hapo 3 ndiyo ingeingia. Ukikadiria milioni 61.7, mtoto yule na mzee yule hawabadilishi kitu. Ukiwa na namba nzima, mmoja wao anabomoa nyumba yote na kujenga nyingine.

Na usiichukue kama namba takatifu pia. Kuanzia usiku wa sensa mpaka siku ya kutangaza ni siku 69. Kwa watu 5,400 kwa siku, siku Rais anaisoma Dodoma, nchi ilikuwa imeshaongeza zaidi ya laki tatu na nusu. Na hakuna sensa duniani isiyoruka mtu au kumhesabu mtu mara mbili. Tarakimu za kushoto ndizo za kupangia madarasa na zahanati. Za kulia ndizo zinazothibitisha kwamba mtu alihesabiwa kwa kichwa, hakukadiriwa.

Yule mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita atapata namba yake mwenyewe siku moja. Kwa utaratibu uliopo kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mwenye miaka 18, kwa hiyo ni Agosti 2040. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo yake itaanza na 20220823. Na hapa 2 ya Fermat inarudi. Kompyuta za zamani ziliweka namba nzima kwenye nafasi ya vipande 32, kwa hiyo ziliishia 2³² kasoro moja, namba mbili tu chini ya ile aliyoivunja Euler. Za sasa zinatumia vipande 64, na 2⁶⁴ ni 18,446,744,073,709,551,616. Hesabu tarakimu: ni 20 pia, lakini inaanza na 1844. Namba ya NIDA ya mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia 1845, yaani kila aliye hai, ni kubwa kuliko hiyo. Haiingii. Na ukiiandika kwenye Excel kama namba ni vibaya zaidi, kwa sababu Excel inatunza tarakimu 15 tu. Tano za mwisho zinageuka sifuri na mtu anachanganywa na jirani yake. Kabla ya kuijaza orodha ya kijiji, badilisha safu ile iwe maandishi.